Nani Bado Yuko Nje

Mwalimu Erasto alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wanafunzi wake wote: hakukubali mtu aandike programu ya maembe na machungwa. "Hayo ya kitabuni mwachieni mwenye kitabu," alikuwa akisema. "Andika kitu cha kwenu. Ukikosea utajua umekosea wapi, maana kwenu unakujua."

Kituo chake cha kompyuta kilikuwa Korogwe mjini, katika jengo lililokuwa duka la ushirika siku za foleni za sukari. Sasa zilikuwa zama za soko huria. Ushirika ulikuwa umekufa kimya kimya bila wa kuulilia, na kila mwenye mashine mbili tatu kuukuu alitundika kibao barabarani akaitwa mkurugenzi. Wengine walifundisha kuchapa barua, basi. Erasto, kwa ukaidi wake, alifundisha Python, lugha ya kuiamrisha kompyuta, aliyoipata kwenye CD ya Mjerumani mmoja wa kanisani. Watu walimwona hamnazo. Labda walikuwa na haki, lakini kufundisha alikujua.

Siku hiyo somo lilikuwa mzunguko ndani ya mzunguko.

"While maana yake ni maadamu," alisema, vumbi la chaki limemjaa mpaka kwenye nyusi. "Maadamu sharti ni kweli, mashine inarudia kazi ile ile. Sasa ukiweka while ndani ya while nyingine, ile ya nje inapiga hatua moja tu, halafu inakaa pembeni kuingoja ya ndani imalize safari yake yote. Ya ndani ikimaliza, ndipo ya nje inapiga hatua ya pili, na ya ndani inaanza upya. Tumeelewana?"

"Ndiyo, mwalimu," darasa likaitikia, kwa ile sauti ya watu ambao hawajaelewa na wanataka kwenda kula.

Naisiae hakuitikia. Alikuwa amekaa mashine ya mwisho karibu na dirisha, msichana mrefu wa Kimasai kutoka Mazingara, huko Handeni, ambaye baba yake, mzee Parsaoti, aliuza maksai wake ili asome, na majirani wakamcheka mzee mpaka wakachoka. Hakuitikia kwa sababu, kwa mara ya kwanza tangu aingie darasa lile, kitu kilichosemwa ubaoni alikuwa amekwisha kukiona kwa macho yake. Alikiona kila jioni ya utoto wake. Lilikuwa lango la boma lao.

Kwa mzee Parsaoti, ng'ombe waliporudi jioni, mama yake Naisiae, Siamanta, alisimama langoni na tawi la miiba mkononi. Hakuwahesabu. Kwao kiumbe hai hakihesabiwi, iwe ng'ombe au mtoto, maana kuhesabu ni kukaribisha balaa. Alimtazama kila mmoja akipita na kumwita jina lake, na asiyeitwa alijulikana kuwa hajafika. Mchungaji aliingia mwisho. Mzee naye, akiwa ameketi ndani kwenye kigoda chake, aliuliza kwa sauti: "Nani bado yuko nje?" Siamanta alitaja walio nje. Mzee alingoja kidogo akauliza tena, na tena, mpaka mkewe ajibu, "Hakuna." Hapo ndipo lango lilipozibwa kwa miiba, maziwa yakamiminwa na siku ikahesabiwa kuwa imekwisha. Nyumba nyingine zilikuwa na taratibu zao. Hii ilikuwa ya kwao.

Basi Naisiae akaandika lango. Jioni alizihesabu, maana jioni hazina uhai. Ng'ombe akawaandika kwa majina katika orodha aliyoiita nje: Narok mweusi, Naibor mweupe, Nanyokie mwekundu. Mzunguko wa nje ulikuwa wa jioni. Wa ndani ulisema: maadamu orodha ina ng'ombe, mtoe wa kwanza umkaribishe.

Akaendesha. Jioni ya kwanza ng'ombe waliingia vizuri, mmoja mmoja, na mashine ikaandika "Funga lango." Jioni ya pili ikaandika "Funga lango" bila ng'ombe hata mmoja. Ya tatu vilevile.

Erasto alikuja akainama nyuma yake. Akacheka, lakini kicheko cha kupenda.

"Ng'ombe wako umewatoa malishoni mara moja tu, mama. Tazama, orodha umeiandika juu, kabla ya mizunguko yote. Jioni ya kwanza wameingia, orodha imebaki tupu. Kesho yake nani aliwafungulia? Kila mzunguko wa nje unapoanza, wa ndani lazima uandaliwe upya."

Naisiae akaishusha orodha, akaiweka ndani ya mzunguko wa jioni, kabla ya ule wa ng'ombe. Akaendesha tena, na kila jioni ng'ombe wakarudi. Ilikuwa furaha ndogo, lakini ilimpata mpaka masikioni. Angesimama hapo angekuwa amemaliza zoezi kabla ya wote na kwenda zake kula.

Hakusimama. Boma lile lilikuwa na upungufu. Mchungaji hakuwamo, na lango halifungwi kabla ya mchungaji. Vidole vikaenda vyenyewe, vikaongeza jina la kaka yake mwishoni mwa orodha: Taiyo. Alipotaka kuendesha akasita. Mashine ingeandika "Karibu Taiyo" kila jioni, na hilo lilikuwa uongo asioweza kuutazama. Akaandika hivi, kwamba asiye Taiyo akaribishwe, na zamu ya Taiyo ikifika mashine iandike Ngoja:

jioni = 1
while jioni <= 7:
    nje = ["Narok", "Naibor", "Nanyokie", "Taiyo"]
    while nje:
        if nje[0] != "Taiyo":
            print "Karibu", nje.pop(0)
        else:
            print "Ngoja"
    print "Funga lango"
    jioni = jioni + 1

Alidhani mashine ingengoja kiasi, ichoke, iende jioni ya pili. Usimcheke. Kwao ndivyo ilivyokuwa: Taiyo hakurudi, na bado kulikucha.

Mashine haikuchoka. Iliwaingiza ng'ombe wote, kisha ikaandika Ngoja. Ngoja. Ngoja. Ngoja. Kioo kizima kikajaa neno hilo likipanda juu kwa kasi, na wanafunzi wakaja kutazama, mmoja akasema mashine ya Mmasai imepandisha mashetani. Naisiae alikaa, mikono mapajani. Erasto akanyoosha mkono abonyeze vitufe vya kuisimamisha, akaona uso wa msichana, akaurudisha.

"Tokeni mkale," aliwaambia wengine.

Walipotoka akavuta kiti.

"Taiyo ni nani?"

"Kaka yangu, mwalimu."

Akamsimulia. Ilikuwa mwaka wa mvua kubwa. Serikali ilikuwa imekwisha kuachia biashara, na wanunuzi wa Dar es Salaam walifika na malori mnadani Korogwe, na aliyewahi ndiye aliyepata bei. Taiyo alikuwa na haraka ya vijana wote. Badala ya kuzunguka mpaka darajani, aliwavusha ng'ombe mto Pangani kwa kuogelea. Ng'ombe walikutwa ng'ambo, wamesimama wamelowa, wanaangalia maji. Yeye hakuonekana, si siku ile wala baadaye. Ilipatikana shuka tu, imenasa kwenye matete.

"Jioni ile mvua ilinyesha hata kwetu," Naisiae alisema. "Baba akauliza nani bado yuko nje. Mama alijua Taiyo atalala Korogwe. Akajibu hakuna, akafunga lango aingie ndani asilowe. Mpaka leo anaamini ndiye aliyemfungia. Lile neno hakuna hajalisema tena, mwalimu. Kila jioni baba akiuliza, anajibu Taiyo. Lango linabaki wazi mpaka baba aje alizibe mwenyewe, mama akiwa amepitiwa na usingizi palepale chini. Fisi wamekwisha kula ndama wetu."

Erasto akaigeukia mashine. Kwenye kioo Ngoja ilikuwa bado inapanda.

"Unaona jioni ni ya ngapi hapa?" aliuliza mwishowe, taratibu.

"Bado ya kwanza."

"Na itabaki ya kwanza. Mzunguko wa nje hauna uwezo wa kusema imetosha, nifunge niende. Hauoni kitu. Unangoja wa ndani tu. Na wa ndani umeupa sharti ambalo hakuna chochote ndani yake kinacholibadilisha."

Naisiae aliyaelewa maneno hayo kwa mwili mzima. Mama yake hakuwa amezeeka kwa huzuni miaka yote hiyo, kama watu walivyodhani. Kwake miaka haikuwa imepita. Alikuwa angali kwenye jioni ile ile moja, mvua ingali inanyesha.

"Hakuna namna ya kutoka?"

"Ipo. Kuna amri inaitwa break, yaani vunja. Ukiiandika humo ndani, inakutoa kwenye mzunguko wa ndani hata kama sharti bado ni kweli. Wa ndani tu. Wa nje unaendelea, kesho inakuja."

"Na Taiyo anaingia?"

Erasto akatikisa kichwa. "Haimwingizi mtu, Naisiae. Taiyo anabaki nje. Inaliacha lango lifungwe, basi."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake orodha inaandikwa upya, na jina lake limo. Utavunja tena. Kila jioni utavunja. Mpaka siku utakayoweza kuiandika orodha bila yeye."

Machozi yalimtoka hapo hapo, mbele ya mwalimu, naye hakuyafuta. Erasto aliangalia dirishani kwa adabu, kisha akabonyeza vitufe, na kioo kikatulia.

Haikupita wiki, baba yake mdogo Tiampati akaja mnadani, akapitia kwa mama Hosiana, mjane wa Kisambaa ambaye Naisiae alikuwa amepanga kwake. Alimshika Naisiae kichwani kumsalimu, akanywa chai yake yote ndipo akasema kilichomleta. Nyasi Mazingara zilikuwa zimekwisha. Mzee ameamua boma lihame kuelekea Kilindi kabla ng'ombe hawajaanza kuanguka, na vijana wamekwisha kuona mahali. Lakini Siamanta anasema yeye haendi.

"Anasema mtoto akirudi atakuta majivu," Tiampati alisema. "Anasema sisi twende, yeye atabaki langoni. Kaka hawezi kumfunga kamba mkewe kama ndama. Na hawezi kumwacha, fisi wamekwisha kulijua lango lile. Njoo wewe. Labda atakusikia."

Hosiana alisikia yote kutoka jikoni. Asubuhi Naisiae alipokuwa akifunga mzigo, alimletea majani ya chai ya kwao Dindira, yamefungwa kwenye kitambaa.

"Mpe mama yako, ayachemshe na maziwa," alisema. "Mimi mwanangu nilimzika, Naisiae. Nina kaburi la kupalilia, nikiwa na hasira nalipalilia kwa hasira. Mama yako hana hata hilo. Usimwendee na ukali."

Basi lilipovuka daraja la mto Pangani, abiria waliendelea kubishana habari za bei ya mitumba. Naisiae alikuwa amejiapiza hatatazama maji. Akayatazama. Yalikuwa machache, ya kahawia, yamepungua kwa kiangazi, na alichukia kuona jinsi yalivyokuwa yametulia.

Walifika Mazingara alasiri, vumbi limewageuza wazee. Alimwinamishia baba yake kichwa, na mkono wa mzee ukakaa pale juu muda mrefu kuliko desturi. Nyumba nyingine zilikuwa zimekwisha kubomolewa, ngozi zimekunjwa, vibuyu vimefungwa juu ya punda. Nyumba ya Siamanta peke yake ilisimama kama ilivyo, na moshi ukitoka.

Yeye alikuwa langoni, ingawa jua lilikuwa bado juu. Alikuwa amekonda.

"Umekuja kunihamisha," alisema, kabla hata ya salamu.

"Nimekuja kukaa na wewe, Yeyo, mama yangu," Naisiae akajibu, akaketi chini kando yake.

Walikaa. Siamanta alipokea chai ya Hosiana, akainusa, akaiweka mapajani. Baadaye, kwa kuwa yeye ni mama na hata huzuni haiwezi kuizima tabia hiyo, aliuliza: "Huko mnasoma nini hasa? Baba yako akiulizwa na watu anasema mashine, basi."

Naisiae akaokota kijiti, akachora mavumbini duara kubwa, na ndani yake duara dogo.

"Hii kubwa ni siku zinavyokwenda. Hii ndogo ni lango letu, jioni. Kubwa haisogei mpaka ndogo iishe. Mashine haiwezi kuruka. Niliiandikia lango letu nikamweka na Taiyo. Ikakaa hapo hapo inangoja. Ingengoja mpaka kesho, mpaka mwaka, jioni ni ile ile moja."

Siamanta aliyatazama maduara yale. Kidole chake kilifuata lile dogo, kikazunguka, kikazunguka tena.

"Imeniweza mashine yako," alisema polepole. "Wao wote wananiambia nimsahau. Hii angalau inajua." Kidole kikasimama. "Na huyo mwalimu anafanyaje, kama aliye nje haji?"

"Anafunga lango. Anasema hilo halimwingizi mtu. Linaacha kesho ije."

"Nililifunga mara moja."

"Najua."

"Nilisema lile neno, naye yuko majini. Nikilisema tena nimemwua mara ya pili." Akamgeukia. "Unataka mama yako aseme hivyo, Naisiae? Na wewe ndiye uliyekuwa ukilala mgongoni kwa kaka yako?"

Naisiae alikuwa ameandaa maneno njia nzima, na yote yalimkimbia. Akabaki na moja.

"Yeyo, mto uko mbali. Neno lako halikufika huko. Liliishia hapa kwenye miiba." Akalala mapajani mwa mama yake kama alivyokuwa akifanya kabla hajajua kusoma, na wote wawili wakalia waziwazi, bila kujificha. Wanaume waliokuwa wakifunga mizigo walijitia kuwa na kazi upande wa pili.

Jua lilipoinama, vumbi likaonekana, na kengele za ng'ombe zikasikika. Siamanta akasimama, akachukua tawi la miiba. Naisiae akasimama naye. Ng'ombe waliingia wakiwa wamekonda, mbavu nje, na mama akawaita: Nanyokie. Naibor. Narok, aliyezeeka, aliyekuwa mmoja wa wale waliosimama ng'ambo ya mto. Tiampati, aliyekwenda kuwapokea malishoni jioni hiyo, akaingia mwisho akapita bila kuinua macho.

Njia ikabaki tupu.

Ndani, mzee Parsaoti akauliza kama kila jioni: "Nani bado yuko nje?"

Kwao jina la aliyekufa halitajwi. Likitajwa, maana yake yu hai. Miaka yote hiyo Siamanta alikuwa amemweka mwanawe hai kwa kumtaja, jioni moja baada ya nyingine, peke yake, dhidi ya watu wote. Naisiae alijua hakuna anayeweza kumfanyia kazi hii. Alishika upindo wa shuka ya mama yake. Jina lilikuwa mdomoni mwake pia. Ndipo alipogundua kwamba hata yeye alikuwa akimngoja, na kwamba alitamani mama aseme Taiyo mara moja tu zaidi.

Siamanta alitazama njia mpaka mwisho wake. Midomo ikacheza. Ilianza umbo la jina lile, ikaliacha.

"Hakuna," alisema.

Akalisukuma tawi la miiba mpaka likaziba lango, kwa mikono yake mwenyewe, na miiba ikamchoma asishtuke. Kisha akageuka akaingia ndani ya nyumba yake, na wakamsikia akianza kushusha vibuyu ukutani.

Mzee Parsaoti ndiye aliyekuwa akilingoja neno lile kuliko mtu yeyote. Alikuwa amelisihi, amelipigia kelele, amemtuma ndugu yake mpaka Korogwe kulitafuta. Sasa limekuja. Alikaa kwenye kigoda chake, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu asiyetaka kuamini masikio yake.

"Nani bado yuko nje?" akauliza tena.

Akauliza mara nyingine. Naisiae akaenda akapiga magoti mbele yake, akamwinamishia kichwa, akangoja mpaka mkono wa mzee ukamfikia.

"Hakuna, Baba," alisema. "Tumefunga."